Kiondo Kilichorudi Kitupu

Juzijuzi tulimzika shangazi Kaari, dada mkubwa wa baba yangu. Watu walipomaliza kula na kutawanyika, msichana mmoja aliyekuwa akifagia jikoni kwa marehemu alinijia na kiondo mkononi. Kilikuwa kimetundikwa juu ya moto miaka hiyo yote, kimejaa mahindi ya mbegu, kimekuwa cheusi kama sufuria.

"Mama Mwenda, hiki si ndicho ulisema kilikuwa cha mamako? Kiko na uzi mwekundu hapa kwa mdomo."

Nilimwaga mahindi chini nikatia pua ndani. Moshi. Moshi na masizi tu. Lakini chini kabisa, pale kitako kinapoanzia kushonwa, nilipata ile harufu ya ndizi iliyoiva ikapitiliza. Mtu atasema harufu haiwezi kukaa miaka yote hiyo. Akuje anuse.

Asubuhi ya siku hiyo, kabla ya kumteremsha, walikuwa wamesoma historia ya marehemu. Kijana wa ukoo mwenye tai alisoma kwa karatasi kwamba Kaari alikuwa mama wa huruma, aliyemlea mtoto wa ndugu yake baada ya mtoto huyo kuachwa na mama. Watu wakasema amina. Mimi nilikuwa nimekaa kwa kiti cha plastiki, mstari wa tatu, na mtoto huyo ni mimi. Sikuachwa na mama. Mama yangu aliondolewa, na waliomwondoa wana majina, na jina moja katika hayo bado linaitwa kwa heshima kila Jumapili. Mimi sikusoma sana, niliachia darasa la tano. Lakini kutaja majina hakuhitaji cheti.

Nyinyi wa rika langu mliokulia huku chini ya Githongo mnakumbuka maboma yetu yalivyokuwa. Kahawa mbele, kahawa nyuma, migomba katikati ya kahawa hata kama bwana shamba alikataza, na ukungu mzito wa asubuhi uliofanya ng'ombe wa jirani asikike kama yuko jikoni kwenu. Mama yangu, Kagwiria, aliolewa hapo. Ninachokumbuka kwake kwanza si uso, ni mikono. Ilikuwa inatetemeka. Akimimina chai, birika liligonga kikombe ti-ti-ti-ti, na mimi nilidhani chai ikimiminwa ndivyo inavyolia kila mahali. Nilidhani mama wote wanatetemeka, vile baba wote walikuwa wanakohoa. Na akitembea, mikono yake haikucheza. Ilishuka tu kando, yeye mwenyewe amenyooka kama mtu aliyebeba mtungi na hataki maji yamwagike, na kichwani hakukuwa na mtungi.

Alhamisi moja kila mwezi tulikuwa tunaenda soko. Tangu jana yake alifukua ndizi shimoni, pale zilipoivishiwa chini ya majani makavu, akazipanga kwa kiondo, zile zenye rangi nzuri juu, akafunika na kitambaa cheupe. Siku hiyo mimi sikuenda shule. Hakuna aliyeuliza. Msichana wa darasa la pili kukosa siku moja kulikuwa kitu gani? Tulishuka mpaka njia panda, tukangoja watu wa soko wapite upande wao na mizigo yao, halafu sisi tukakata upande ule mwingine, wa hospitali.

Mara ya kwanza aliinama akanifunga kifungo cha sweta, uso wake karibu na wangu.

"Tukiwa nyumbani tunasema soko. Umesikia, mwari? Nyumbani, ni soko."

"Na huku tunaenda kufanya nini?"

"Mgongo wangu unaangaliwa."

Niliamini, kwa sababu alipotoka kule ndani alikuwa anachechemea, ameshika kiuno. Mtu akichechemea ameshika kiuno, shida si mgongo?

Nyuma ya hospitali kulikuwa na chumba kimoja chenye mlango wa kijani, na nje yake benchi mbili za mbao zilizolainishwa na makalio ya watu. Mtu mzima yeyote wa sehemu zile alijua mlango ule ni wa akina nani. Mimi sikujua. Kwangu ulikuwa mlango wa watu wa mgongo mbaya, na walikuwa watu wazuri kuliko wa nyumbani. Kulikuwa na mwanamume mmoja aliyekuja na koti la suti na miguu mitupu, wote wakimwita Mheshimiwa. Kulikuwa na mama aliyekuja kila mwezi na jembe lisilo na mpini, na mwaka mzima jembe lile halikupata mpini. Sasa ndiyo naelewa. Kila mmoja alikuwa amebeba kitu cha kuonyesha watu njiani.

"Mheshimiwa, leo bunge inafunguliwa saa ngapi?" mama anauliza tukikaa.

"Spika bado anakunywa chai." Anaonyesha mlango kwa kidevu. "Na wewe, mama ndizi, umekuja kuhonga wapiga kura?"

"Hizi si za kura. Hizi zinatembezwa tu, zione mji."

Benchi yote inacheka, na mama anacheka kuliko wote, mkono kwa mdomo. Nataka mjue hivyo. Mama yangu alikuwa anajua kucheka, na mahali alipochekea ni hapo peke yake, kwa ile benchi, kwa sababu hapo hakukuwa na mtu wa kumficha kitu.

Muuguzi aliitwa Sista Agnes. Alitoa kichwa mlangoni akaita jina, na kwa mama aliongeza, "Leo kushoto ama kulia?" Mama akajibu kulia, kushoto bado kunaniuma, akaingia. Foleni ilikuwa ndefu. Mpaka apimwe, aulizwe maswali, adungwe, apewe tembe za kupunguza kutetemeka ambazo hazikupunguza sana, na akae chini kidogo kizunguzungu kiishe, soko lilikuwa limeshavunjika. Tulirudi nimemshika kidole, kiondo kimejaa vilevile. Jioni ya siku hiyo mama alinuka ndizi na ile spiriti ya kupangusia ngozi kabla ya sindano. Nilidhani hiyo ndiyo harufu ya soko.

Shangazi Kaari alikuwa amerudi kwa baba yake baada ya ndoa yake kuvunjika, na hakuwahi kumsamehe mama kwa kuwa na bwana. Yeye ndiye alikuwa mkubwa wa akina mama kanisani, na nyumbani kwetu ndiye alikuwa mkubwa wa kila kitu. Tulipofika na kiondo alikuwa anatungoja jikoni. Alifunua kitambaa kwa vidole viwili, kama mtu anayefunua kidonda.

"Ngai! Zote? Hata moja?"

"Soko ilikuwa mbaya, Kaari."

"Soko ni mbaya kwako peke yako? Wewe ukipewa maji uuze jangwani utarudi nayo."

Mama alicheka kidogo, akaenda kuosha vyombo. Kila mwezi aliambiwa mvivu, akaambiwa mzembe, akaambiwa hana mdomo wa biashara, na kila mwezi alinyamaza. Alikuwa amechagua aitwe mjinga ndiyo asiitwe mwenda wazimu. Huku kwetu mjinga anaolewa na anakaa. Mwenda wazimu anarudishwa kwao na watoto wanabaki, na watoto hao wakikua, wanaotaka kuwaoa wanauliza kwanza kwa majirani, na majirani wanasema. Mama alijua. Baba yangu, Japheth, pia alijua. Alijua kila kitu, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyempeleka mama kwa ule mlango mara ya kwanza, nilipokuwa mtoto mchanga na mama amekataa kulala siku nyingi na anaongea na ukuta. Wazo la kiondo lilikuwa lake. Haya niliambiwa na mama mwenyewe, baadaye, kupitia ufa wa ubao. Nitafika hapo.

Basi kuna siku shangazi alichoka. Tumerudi, amefunua kitambaa, hakucheka.

"Mwezi ujao nitaenda mimi. Wewe utabaki uchume kahawa. Hiyo angalau haihitaji mdomo."

Mama alishika meza. Baba alikuwa hapo hapo, anakata kucha na kisu kidogo. Hakuinua macho.

"Nipe mara moja ya mwisho," mama akasema. "Nikirudi nazo, utaenda wewe."

"Sawa. Ya mwisho. Na huyu msichana ni shahidi."

Mimi ndiye nilikuwa msichana. Mwezi mzima nilitembea na hiyo kazi kichwani. Sikujua sindano ni ya nini, lakini uso wa mama niliuona, na nilijua hizo safari zikiisha kuna kitu kibaya kitatokea. Nilijua pia dawa yake: ndizi ziishe. Baadaye nimefikiria kwamba pengine mama alikuwa ameshapanga, pengine angewagawia Mheshimiwa na wenzake, arudi na kiondo chepesi. Hakuniambia. Watu wazima hawaambii watoto, halafu wanashangaa.

Alhamisi hiyo mama alipoitwa ndani, niliburuta kiondo mpaka langoni. Kilikuwa kizito, kilinichuna mkono. Nilikiweka chini kando ya lango, nikatoa kitambaa, nikapanga zile nzuri mbele kama nilivyoona wengine wakipanga, nikasimama. Watu walipita. Wengine walitabasamu. Halafu akatoka Mama Mutuma, mama wa kanisani kwetu, rafiki wa shangazi, amembeba mjukuu mwenye surua mgongoni.

"Wewe si wa Kagwiria? Unafanya nini hapa na mzigo yote hii?"

"Nauza ndizi."

"Peke yako? Mamako ako wapi?"

Nilifikiri. Naapa nilifikiri. Tukiwa nyumbani tunasema soko. Hapa hatukuwa nyumbani. Na huyu alikuwa ametoka hospitali kama sisi, angefichwa nini?

"Ako kule nyuma, kwa mlango wa kijani."

"Kwa mlango gani?"

"Wa kijani. Tunakujanga kila mwezi. Saa hii anadungwa sindano."

Mama Mutuma aliangalia kule nyuma, akaniangalia, akamrekebisha mtoto mgongoni. "Haki ya Mungu," akasema polepole. Halafu akanunua ndizi zote, bila kubishania bei hata kidogo, yeye ambaye alikuwa anabishania bei ya kiberiti. Nilidhani ni kwa sababu nilizipanga vizuri.

Nilikimbia mpaka kwa benchi nikiwa nimekigeuza kiondo juu chini waone. Mheshimiwa alipiga makofi. "Waziri wa biashara!" akasema. Mama akatoka, ameshika kiuno, akakiona. Kwanza alitabasamu. Hicho ndicho sipendi kukumbuka, kwamba alianza kwa kutabasamu.

"Nani alinunua?"

"Mama Mutuma."

"Alikuuliza nini?"

Nikamwambia. Mama alikaa kwa benchi, nafasi ya mtu aliyekuwa ameitwa ndani, akaweka kiondo kitupu kwa magoti. Hakunipiga. Mama wa jembe alimshika bega, akaacha mkono hapo mpaka walipomwita yeye.

Tulipofika nyumbani, ndizi zilikuwa zimefika kabla yetu. Zilikuwa kwa meza, kwa lile beseni la buluu, na shangazi Kaari alikuwa anamenya moja. Mama Mutuma alikuwa amekaa kando yake, ameangalia miguu yake. Baba alikuwa mlangoni.

"Karibuni, watu wa soko," shangazi akasema. "Kuleni ndizi. Zimenunuliwa kwa mlango wa wenda wazimu."

Mama hakumwangalia yeye. Alimwangalia baba.

"Japheth, waambie."

Baba akakohoa. "Niwaambie nini? Mimi nilijua ni soko."

Baba yangu alikufa na mimi sikumuuliza kuhusu hayo maneno. Alikuwa mtu mpole, watu wote watakuambia. Hakuwahi kuinua mkono. Lakini mimi nimepigwa na watu wakali na nimeachwa na watu wapole, na nikiulizwa ni nani alimaliza mama yangu nitamtaja Japheth kabla ya Kaari. Kaari hakuwa ameahidi kitu.

Jumapili hiyo alikuja Mchungaji Silasi wa kanisa letu, na wanaume watatu na ngoma. Hakuwa mzee wakati ule, alikuwa kijana mwenye sauti nzuri sana. Alisema sindano ni kufunga mlango Mungu akiwa anabisha. Alisema mama akiendelea, hiyo kitu itashuka kwa mtoto, akaninyooshea kidole. Kadi ya kliniki na tembe ziliingizwa motoni jikoni, na mama mwenyewe ndiye aliyeambiwa atie. Aliangalia baba tena. Baba alikuwa ameinamisha kichwa, anaomba. Mama akatia. Tembe zilinuka kama nywele zikiungua.

Sasa sikilizeni hii, kwa sababu ndipo nilipodanganyika kabisa. Wiki zilipita, na mikono ya mama ikaacha kutetemeka. Kweli kabisa. Ile mikono ilitulia, mwendo ukalainika, uso ukapata damu. Alimimina chai na kikombe hakikulia. Nilifurahi mpaka nikaenda nyuma ya choo nikalia. Nilipiga magoti kwa majani ya kahawa nikamshukuru Mungu kwa sababu nilikuwa nimeuza zile ndizi. Ningekuwa sijauza, nilijiambia, mama angekuwa bado anatetemeka.

Mchungaji Silasi alimwita mbele ya kanisa. Waliweka meza, birika, vikombe kumi na viwili, na mama akaambiwa amimine. Alimimina cha kwanza, cha pili, mpaka cha mwisho, na hakuna tone lililomwagika. Watu walipiga vigelegele, shangazi Kaari akalia machozi, Mama Mutuma akaruka. Wazee walikunywa chai ile. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba kutetemeka ni kwa sindano, ugonjwa ni kitu kingine, na kwamba sindano ikitoka mwilini inatoka na kutetemeka kwanza, halafu ule ugonjwa ndiyo unarudi. Sista Agnes alijua. Jina la mama lilikuwa kwa kitabu chake, na kijiji chetu, na mwezi ulipita hakumwona, na mwingine, na hakutuma mtu hata kuuliza. Sasa naambiwa hakuwa na mtu wa kutuma. Inawezekana. Nimemsamehe nusu.

Kahawa ilikuwa bado mbichi ugonjwa uliporudi. Nilitoka shule saa saba, na njia ya kuingia kwetu ilikuwa imejaa matunda ya kijani, mengi, yanaviringika chini ya miguu kama shanga. Nilifuata. Mama alikuwa katikati ya shamba na vidole vinatoka damu, anachuma kila tawi kuanzia shina mpaka ncha, haraka, mikono imetulia, haina hata chembe ya kutetemeka. Mistari minne ilikuwa imeisha.

"Mama, hizi bado."

"Zinalia, mwari. Huzisikii? Zimechoka kungoja kuwa nyekundu."

Niliweka mfuko wa vitabu chini nikaanza kuchuma na yeye. Nilifikiri tukimaliza pamoja atatulia. Shangazi ndiye aliyetupata, na kelele zake zilileta mtaa mzima. Kahawa kwetu ilikuwa ndiyo karo, ndiyo nguo, ndiyo kila kitu. Na hapo ndipo baba yangu mpole alifungua mdomo. Alisema neno moja.

"Mfungeni."

Walimfunga na kamba ya ng'ombe wakampeleka kwa Mchungaji Silasi, kwa chumba cha mabati nyuma ya kanisa, akae mfungo wa wiki tatu. Kamba ilikuwa mguuni ndiyo asitoroke kabla maombi hayajaisha. Alirudi amekuwa mwembamba, kifundo cha mguu kina kidonda, na alikuwa kimya. Wakasema amepona, kwa sababu alikuwa kimya. Alipoanza kuongea tena wakamtia kwa stoo ya kahawa, ile ya mbao inayonuka magunia, wakapiga kufuli. Alikaa humo miaka. Ndiyo nilivyoacha shule. Mtu wa kumpelekea chakula na kuosha ndoo alihitajika, na shangazi alisema yeye ana kanisa.

Nilikaa nje, mgongo kwa ubao, tukaongea kupitia ufa. Siku nyingine alikuwa haniiti jina langu. Siku nyingine alikuwa mzima kabisa, ananiambia mambo ya zamani, ile safari ya kwanza na baba, kiondo, na kwamba hakuwahi kuwa na mgongo mbaya. Siku moja ya hizo nzuri aliuliza:

"Siku ile uliuza ngapi?"

"Zote, mama."

"Zote." Nikamsikia akicheka, kile kicheko cha kwa benchi. "Wewe unajua biashara. Mimi sikuwahi."

Hakuniambia halikuwa kosa langu. Nimekutana na watu wa ushauri wanaotaka nikumbuke kwamba alisema hivyo. Hakusema, na mimi sikuuliza, nikiogopa jibu.

Mguu ndio ulimuua. Kidonda kilirudi wakati wa mvua, kikapanda. Baba alitaka kutafuta gari. Mchungaji Silasi alikuwa amekuja kuomba, akasema wangoje siku tatu. Baba akangoja. Tulimzika mama kando ya migomba, chini kule, si mbele ya nyumba wanapolala wake za ukoo. Shangazi Kaari alichukua kiondo siku hiyo hiyo, akasema ni kizuri kwa mbegu.

Maneno ya mchungaji yalitimia, nikubali hivyo. Kile kitu kilishuka kwangu. Kilinijia nilipomzaa Mwenda, na watu wa bwana yangu hawakushangaa, walikuwa wameshauliza kwa majirani kabla hata ya mahari. Nilirudishwa na mtoto mgongoni. Kuna mwaka mzima sikumbuki. Tangu hapo nadungwa kila mwezi, natetemeka, nalea, nimefika hapa. Siku hizi kuna maneno mazuri. Mwaka uliopita tuliitwa kwa uwanja wa chifu, kuna hema, kuna maji ya chupa, kuna wasichana wenye fulana wanatufundisha kusema afya ya akili. Wanasema tusifiche. Mkutano ulifunguliwa kwa maombi na Askofu Silasi, amekuwa mzee wa nywele nyeupe, sauti bado ni nzuri. Aliomba kwa ajili ya "wenye changamoto." Akishuka alinipa mkono, pengine hanijui, pengine ananijua. Niliushika. Katika yote niliyoandika hapa, hilo ndilo ninaloonea aibu zaidi.

Msichana mmoja wa zile fulana alipewa kijiji chetu. Ana moyo mzuri. Anasimama barabarani na begi lake lenye maandishi makubwa, anaita kwa nguvu, "Mama Mwenda! Usisahau sindano Alhamisi!" Nilimwomba asikuje tena. Naenda mwenyewe.

Alhamisi baada ya mazishi nilikiosha kile kiondo na majivu na maji ya moto mpaka ule uzi mwekundu ukaonekana. Nikatia ndizi, nzuri juu, nikafunika. Kwa njia panda jirani aliniuliza, "Soko, Mama Mwenda?" Nikasema soko. Mlango siku hizi umepakwa rangi nyeupe. Muuguzi alituambia lile lile alilotuambia mwezi uliopita, na ule mwingine: dawa haijafika, rudini wiki ijayo, ama mnunue mjini. Bei ya huko mjini nimeshauliza, siiwezi. Tukainuka kwa benchi, mmoja mmoja, na vitu vyetu.

Nilirudi na ndizi zote. Mjukuu wangu, msichana wa Mwenda, yuko darasa la pili. Alikuwa ameshawasha moto, birika linachemka, vikombe viwili kwa meza. Nilimpa ndizi moja nikaanza kumimina. Aliacha kula akaangalia mikono yangu, akaangalia kikombe, uso ukafunguka wote.

"Cucu! Haitetemeki! Umepona!"

Niliendelea kumimina. Chai ilipanda mpaka ukingoni, na kikombe hakikulia.